Benzi ya Ami: kanda za kromu na maji chini ya zulia

Lalamiko lenyewe lilikuwa dogo. Ukanda wa kromu wa ubavuni, kwenye madigadi ya mbele upande wa dereva, ulikuwa umelegea na unagonga bodi kila gari likipita penye mashimo. Na ule unaozunguka kioo cha mbele ulikuwa umeinuka kona moja ya juu kama ukucha unaotaka kung'oka. Mwenye gari ni mzee wa Mji wa Kale, mstaafu wa bandari, ambaye gereji kwetu Shimanzi sote twamwita Ami. Mjukuu wake alikuwa aolewe baada ya wiki tatu, na bibi harusi ameapa hapandi gari jingine ila Benzi ya babu.

"Urembo tu, mwanangu," Ami akaniambia. "Bandua za zamani, bandika mpya."

Nikaitikia. Nikafungua mlango wa dereva, nikapiga goti moja ndani niitazame ile kona kwa upande wa chini, na goti likalowa. Zulia lilikuwa limeshiba maji.

Gari ni Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1982, ukoo wa W123, uliotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1975 hadi mwanzoni mwa 1986, karibu magari milioni 2.7 kwa jumla. Ami alilinunua mkono wa pili enzi ambazo "wabenzi" lilikuwa neno la kuwasema watu, si la kuwasifu. Siku hizi vijana hulipiga picha likiwa limeegeshwa chini ya mwarobaini wake. Kuagiza jingine zima kama hilo hakuna: Kenya hairuhusu gari lililozidi umri wa miaka 8 liingie nchini. Kwa hivyo pambo la nje likiharibika una njia mbili, kuagiza kipande chenyewe au kukivua kwenye mzoga wa gari jingine. Katika kisa hiki nilipita zote mbili, na njia moja niliipita kwa ujinga wangu mwenyewe.

Kwanza nieleze kwa nini kazi hii si ya kubandua na kubandika. Magari mengi ya sasa pambo la ubavuni hushikwa kwa gundi, ukilipasha moto kidogo linatoka. W123 haikuundwa hivyo. Ukanda wa ubavuni umebanwa na klipu za plastiki zilizoingia kwenye matundu ya bodi, na mwisho wake mmoja una bolti nyembamba inayopenya bati na kufungwa nati kwa ndani. Nati hiyo huioni. Iko nyuma ya madigadi, mahali ambapo miaka arubaini ya matope imejikandika kama udongo wa nyumba. Ukanda wa kioo nao haushikwi na bodi kabisa: umekaa ndani ya mfereji wa raba ya kioo, na raba hiyo ndiyo inayoshika kioo. Yaani unachokiona nje kimefungwa kutoka ndani, na asiyejua hilo hutumia nguvu pale panapotakiwa njia.

Aliyetangulia alitumia nguvu. Sikuuliza ni nani, na Ami hakusema; gari limepita mikono mingi. Kwenye madigadi alikuta nati imeoza, akakata bolti, akatoboa ukanda kwa drili na kupiga skrubu ya bati moja kwa moja kutoka nje, kisha akaipaka rangi ya fedha. Skrubu ilikuwa imetengeneza duara la kutu la ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Kwenye kioo alikuwa amejaza silikoni kati ya ukanda na raba, mstari mzima wa juu. Nikaukwangua kidogo kwa ukucha nikaona mvujo wa rangi ya chai umekauka chini yake.

Silikoni hii nataka kuisema kidogo, maana naiona kwenye kila gari la tatu linaloingia uani. Ile ya bei rahisi inayouzwa kwa ajili ya masinki ina harufu ya siki inapokauka. Harufu hiyo ni siki kweli, asidi inayotoka ndani yake, na ikikutana na bati lililo uchi inaanzisha kutu kabla hata maji hayajafika. Ubaya wa pili ni kwamba inaziba mdomo wa nje wa raba peke yake. Maji hupata penye upenyo mdogo, yakaingia, halafu hayana pa kutokea. Yanatafuta njia ya ndani. Hapa Mombasa maji hayo huja na chumvi, hasa kusi ikivuma na gari linalala Mji wa Kale hatua chache kutoka baharini.

Hata hivyo sikutaka kumwambia Ami kwamba maji yanatoka kwenye kioo kabla ya kuyaona. Gari la aina hii lina mahali pengine pa kuvuja: uwazi ulio chini ya kioo, penye wavu wa hewa, una matundu ya kutolea maji, na majani ya mwarobaini huyaziba vizuri kuliko puti yoyote. Tukafungua boneti. Boneti ya W123 ina kituo cha pili, inasimama wima kama mlango, na siku hiyo niliwaombea dua Wajerumani walioiwaza. Tukatoa majani gao mbili. Tukamimina maji, yakatoka yote chini ya gari. Zulia jipya la magazeti tuliloweka ndani likabaki kavu.

Basi ikabaki kioo. Nilipaka poda ya mtoto kwenye bati la ndani chini ya dashibodi, kijana wangu akashika mpira wa maji nje. Sheria ya jaribio hili ni kuanza chini na kupanda polepole, dakika tano kila mahali. Ukianza juu, maji yanateremka kote na hujui yameingilia wapi. Ukingo wa chini, kimya. Kona ya chini kulia, kimya. Katikati ya ubavu, kimya. Alipofika kwenye ile kona ya juu iliyoinuka, nilihesabu kama dakika tatu, halafu mstari mmoja mwembamba ukateremka kwenye poda kama chozi kwenye shavu la mtoto aliyepakwa unga. Maji yaliingilia juu, yakatembea nyuma ya ukanda ndani ya mfereji wa raba, yakashuka ubavuni na kutokea kwenye kona ya chini. Nikamwita Ami aje atazame mwenyewe, akachutama na kanzu yake, akatazama muda mrefu.

"Kumbe ule si urembo," akasema.

Si urembo peke yake. Ukanda ukiwa ndani ya mfereji wake huitanua raba, na midomo ya raba hushika kioo upande mmoja na bati upande wa pili. Ukiinuka, raba inalegea mahali hapo hata kama kwa macho yaonekana nzima. Tangu hapo kazi ilibadilika jina: haikuwa tena kubadilisha kromu, ilikuwa kutoa kioo.

Tukaanza na rahisi, madigadi. Nikatoa gurudumu, nikakata usukani hadi mwisho, kijana akalala chini na bisibisi la zamani akikwangua matope kwa muda wa saa nzima. Kisiki cha bolti kilipoonekana tulikipaka mafuta ya kulainisha kutu jioni, tukakiacha kilale, asubuhi tukarudia. Ukanda mpya ulikuja na bolti yake, lakini kuifunga nati mpya ndipo penyewe. Nafasi inaruhusu mkono mmoja tu, na mkono ukishaingia jicho haliingii. Nilichofanya ni kuweka nati ndani ya kichwa cha spana namba 8, nikaziba upande wa nyuma kwa karatasi ya gundi ili isidondoke, kisha nikaipeleka kwa kupapasa. Simu ya kijana iliingizwa upande wa chini ikichukua video, naye ananiambia: juu kidogo, kulia, umeipita. Ikashika mzunguko wa kwanza mara ya nne. Nati tatu zilikwishaanguka na kupotelea ndani ya bodi. Mbili tulizitoa kwa sumaku, ya tatu iko humo mpaka leo. Kabla ya yote hayo tulikwangua kutu pale penye skrubu, tukaziba tundu kwa kulichomelea na kupaka rangi, na kila tundu la klipu likapakwa nta kwa ndani. Klipu zenyewe usizihurumie. Plastiki iliyokaa kwenye jua la pwani miaka yote hiyo huvunjika ukiitazama. Nunua mpya zote.

Sasa kioo, na kosa langu.

Raba mpya na kanda mpya za kioo ziliagizwa kutoka Ujerumani, zikafika wiki moja baadaye. Kanda ni vipande vyembamba vilivyokunjwa kufuata umbo la kioo, na viungo vyake hufunikwa na vibati vidogo visivyozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Utaratibu unajulikana: raba inavishwa kioo kikiwa mezani, ukanda unaingizwa kwenye raba hapo hapo mezani, kisha vyote vitatu vinapandishwa kwenye gari kwa pamoja. Nilijua. Lakini kutoa kioo kizima cha gari la mzee wa watu kunatia hofu, na siku zilikuwa zinakwenda, nikajiambia nijaribu kwanza kuingiza kipande kimoja kipya kwenye raba ya zamani, kioo kikiwa mahali pake, angalau kwa kuangalia kama kinaelekea. Nikapaka sabuni, nikafungua mdomo wa raba kwa kijiti cha plastiki, nikasukuma kwa kidole gumba. Kikaenda vizuri hadi kwenye kona. Pale kikatoa sauti ndogo, tik, na mkunjo ukatokea katikati ya kona, mstari mmoja usiozidi nusu sentimita.

Mkunjo wa namna hiyo haunyooki. Unaweza kuugonga kwa nyundo ya mbao, kuupiga msasa na kuung'arisha, jua la saa tisa likiupata utauona kutoka ng'ambo ya barabara. Nilikaa kwenye ndoo nikautazama. Kisha nikampigia Ami nikamwambia nimeharibu kipande, na kwamba cha pili nitakitafuta kwa gharama yangu.

Kuagiza tena kulikuwa kunachukua wiki nyingine ambayo hatukuwa nayo, kwa hivyo nikatoka kutafuta mizoga. Wa kwanza niliupata Changamwe, nyuma ya ua wa magunia. "Yote ni 123, fundi," mwenyewe akanihakikishia, na hakuwa mwongo. Namba nyingi za spea za ukoo huu huanza na 123, ziwe za saloon, za stesheni wagoni au za milango miwili. Ila mzoga wake ulikuwa wa milango miwili. Gari hilo ni fupi kuliko saloon kwa milimita 85 kati ya magurudumu, paa lake limeshuka, na kioo chake cha mbele kimelala zaidi. Nilikuwa nimebeba kipande kilichokunjika kama kielelezo. Nilipokilaza juu ya kile cha mzoga, kona hazikukutana. Lau ningekwenda mikono mitupu ningelipa na kurudi nacho. Mzoga wa pili, saloon ya 1980 isiyo na injini, niliupata siku mbili baadaye upande wa Kisauni.

Namna ya kuvua ukanda kwenye mzoga ni kuitoa kafara raba. Usiuchokonoe ukanda. Chukua wembe wa kukatia, kata mdomo wa nje wa raba kufuata ukanda mzima, vuta raba kando kama unavyomenya muhogo, na ukanda utabaki umesimama peke yake, unauinua kwa vidole viwili. Saa moja na nusu, haukupinda popote.

Tulifanya vivyo hivyo kwenye gari la Ami, maana raba ya zamani ilikuwa ya kutupwa. Wawili ndani wakasukuma kwa nyayo zilizofungwa taulo, wawili nje tukapokea. Kioo kilikuwa kizima. Bati la chini yake halikuwa. Kona ya chini kulia, pale chozi lilipotokea, kulikuwa na kutu iliyokwisha kula tundu ninaloweza kupitisha kalamu, na kutoka hapo ikapanda ubavuni kiasi cha shubiri. Kwenye picha niliyompelekea Ami lilionekana kama jino bovu.

Hapo ndipo tulipogombana. Siku zilibaki tisa. Kukata bati bovu, kuchomelea jipya, kusugua, kupaka praima ya epoksi na rangi, hiyo ni kazi ya siku nne kwa hewa yetu yenye unyevu. Halafu rangi inataka kukauka hasa, si kukauka kwa kugusa, kwa sababu raba italala juu yake na kuibana. Rangi mbichi itanata kwenye raba, na siku raba ikisogea itaondoka nayo, na kutu itaanza upya mahali pale pale. Ami alitaka kioo kirudi Jumatatu. Nikamwambia Alhamisi. Akanuna. Akaniambia babangu alikuwa fundi mwenye huruma kuliko mimi, jambo ambalo ni kweli. Nikashikilia Alhamisi.

Alhamisi tulifunga baada ya alasiri, jua likiwa limepungua. Mezani tulivisha raba, tukaingiza kanda zote mbili bila shida yoyote, kazi ya dakika ishirini ambayo juu ya gari ilinishinda. Kwenye mfereji wa ndani wa raba tukazungusha kamba ya nailoni ya wavuvi yenye unene wa milimita 4 hivi, ncha zake zikapishana katikati chini, zikaning'inia upande wa ndani. Maji ya sabuni kila mahali. Mafuta hapana, hata mgando wa kujipaka, kwa maana raba huvimba. Kioo kikawekwa kwenye nafasi, mimi nje nikakandamiza kwa viganja, kijana ndani akavuta kamba polepole kuelekea katikati ya gari, na mdomo wa raba ukawa unaruka juu ya bati kidogo kidogo, plap, plap, kama mtu anayevua ndala. Kila kamba ilipofika kona nilimwambia asimame, nikapiga kofi raba kwa nje, ndipo tukaendelea. Vibati vya viungo tulivifunga mwisho. Kile cha chini kiko karibu na wavu wa hewa, mahali ambapo bila boneti kusimama wima na mikono ya waipa kutolewa hukifikii.

Jaribio la maji lilirudiwa, chini kwenda juu, na poda ile ile. Ikabaki nyeupe.

Bili ilileta mazungumzo. Ami aliisoma mara mbili akiwa amevua miwani. Ukanda wa madigadi na klipu zake ulikuwa shilingi 6,500, na kazi ya kuufunga nilimwandikia 7,000. "Fundi, kazi yaipita spea?" Nikamchukua hadi kwenye gurudumu, nikamwambia aingize mkono ataigusa nati. Aliingiza hadi kiwiko, akapapasa, akautoa una tope. Akalipa. Ukanda niliouharibu haukuwa kwenye bili, wala ule wa Kisauni, wala nauli ya Changamwe.

Jumamosi ya harusi ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua ya Mei isiyo na haya. Jioni simu ikalia, nyuma yake ngoma na vigelegele.

"Zulia kavu," Ami akasema. "Kavu kabisa. Lakini ukanda wa mlango wa nyuma wa kushoto unagonga. Tulipopita daraja la Nyali bibi harusi mwenyewe ameusikia."

Nikamwambia ule hatukuugusa.

"Najua. Naulizia tu, huo nao wafikiwa kupitia wapi?"